Chanya, Hasi na Kingamwili: Kuyasoma Majibu ya Damu Panaposhukiwa Ugonjwa wa Siliaki

Sentensi "Majibu yako ni chanya" ina maana mbili zinazopingana, na kila msikilizaji huchukua ile aliyoizoea. Kwa mtaalamu wa maabara, chanya ni kwamba kitu kilichotafutwa katika damu kimeonekana. Mzazi aliyempeleka mtoto hospitali huenda akasikia habari njema, kwa kuwa katika Kiswahili cha magazeti na hotuba neno hilo limekuwa sifa ya kila kinachopendeza: mtazamo chanya, mabadiliko chanya, mchango chanya. Hasi nayo imebebeshwa ubaya wote uliobaki. Katika hisabati maneno haya hayana wema wala uovu. Namba chanya iko upande mmoja wa sifuri na namba hasi upande wa pili, basi. Sarufi ilijiepusha na mkanganyiko huo kwa kushika istilahi zake yenyewe, yakinishi na kanushi. Lugha ya maabara haikupata bahati hiyo.

Utata huu upo katika kila kipimo cha damu, lakini ni vipimo vichache vinavyouanika kama vile vinavyofanywa panaposhukiwa ugonjwa wa siliaki. Hapa "chanya" haithibitishi ugonjwa peke yake, "hasi" haiuondoi peke yake, na neno la tatu, kingamwili, humwelekeza msomaji wa Kiswahili upande usio wake. Mfasiri anayeletewa karatasi ya namna hii, au mkalimani anayekaa kati ya daktari na mgonjwa, anahitaji kujua kinachopimwa kabla ya kuchagua neno.

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba pale mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Ukuta wa ndani wa utumbo huo una vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Ugonjwa huvifanya visinyae na kulala, na mgonjwa huweza kuharisha, kukonda, kupungukiwa damu, au kama ni mtoto, kutokua ipasavyo. Wengine hawana dalili ya wazi hata moja. Jina limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo, ambalo tabibu Aretaeus wa Kapadokia alilitumia katika zama za kale, na ambalo Samuel Gee wa London alilifufua mwaka 1888. Umbo "siliaki" hufuata matamshi ya Kiingereza. Anayetoka katika mazingira ya Kifaransa huelekea kuandika "seliaki". Yote mawili yaeleweka, mradi andiko moja lisitumie yote mawili.

Uhusiano wa ugonjwa huu na ngano ulifafanuliwa na daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ambaye tasnifu yake ilitoka mwaka 1950. Miongoni mwa yaliyoimarisha dhana yake ni njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini humo. Vipimo vya damu vilivyopo leo vimekuja baadaye sana. Kimeng'enya kinacholengwa na kingamwili za siliaki, yaani transglutaminesi ya tishu, kilitambuliwa mwaka 1997, na ndipo kipimo kiitwacho tTG-IgA kilipoanza kuenea hadi kuwa cha kwanza kuagizwa.

Kinachotafutwa na kipimo hicho ni kingamwili, na hapa ndipo Kiswahili kinapotega mtego. Neno hili limeundwa kwa kinga na mwili, na kinga katika masikio ya Afrika Mashariki ni kitu kinachotakiwa kuwa kingi. Miaka mingi ya elimu kuhusu UKIMWI, ambao jina lake lenyewe hutaja upungufu wa kinga mwilini, imefundisha kwamba kinga ikishuka mtu yumo hatarini na ikipanda amepata nafuu. Mgonjwa anayeambiwa "kingamwili zako ziko juu sana" ana kila sababu ya kushukuru. Ukweli ni kinyume: kingamwili zinazotajwa zimeelekezwa dhidi ya kimeng'enya cha mwili wake mwenyewe, na wingi wake ni dalili ya vita vya ndani.

Kulikwepa neno si dawa, kwa sababu "antibodi" humwacha asiyesoma sayansi pale pale alipokuwa. Kinachosaidia ni kulipa neno kitenzi. "Damu imeonyesha kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe" ni ndefu kuliko maneno mawili ya karatasi, lakini hairuhusu tafsiri ya furaha. Baada ya kuelezwa hivyo mara moja, "kingamwili za siliaki" yaweza kutumika katika sehemu iliyobaki ya andiko bila hofu. Upatanisho wake ni wa ngeli ya I-/ZI-: kingamwili hii, kingamwili hizi.

Ipo pia herufi moja ya kuchungwa. Kingamwili za siliaki hupimwa hasa katika aina ya IgA, au IgG panapohitajika. Kipimo cha mzio wa ngano hutafuta IgE. Mzio na siliaki ni magonjwa mawili tofauti, yenye hatari tofauti na matibabu tofauti, na mtindo wa kuiita siliaki "mzio wa gluteni" umezagaa kiasi cha kuwafanya hata watu makini waliokoseze andiko zima kwa sababu ya A na E.

Karatasi ya majibu kwa kawaida huwa na safu nne: jina la kipimo, namba iliyopatikana, kizio chake, na kiwango rejea. Neno "kipimo" likiachwa litumike popote, litazikalia safu tatu kati ya hizo, maana katika Kiswahili kipimo ni uchunguzi ("amefanyiwa kipimo"), ni kiasi kilichopatikana ("kipimo kiko juu"), na tena ni kiasi cha dawa cha kumeza. Mfasiri hufaidika akiligawa mapema: kipimo kwa uchunguzi, thamani kwa namba, kizio kwa U/mL au g/L, na dozi kwa dawa.

Kizio U/mL kinastahili tahadhari ya pekee, kwa sababu katika vipimo hivi si kizio cha kimataifa kama gramu au mita. Kila mtengenezaji wa vifaa ana kipimio chake. Thamani ya 48 katika maabara ambayo kikomo chake cha juu cha kawaida ni 4 ni mara 12 ya kikomo hicho. Katika maabara nyingine ambayo kikomo ni 20, namba ile ile ni mara 2.4 tu. Kwa hiyo namba haifasiriwi bila safu ya kiwango rejea, na mkalimani anayesoma "arobaini na nane" kisha akanyamaza hajasema kitu. Tofauti hiyo ina matokeo ya kweli. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ESPGHAN, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa tumbo na lishe ya watoto, unaruhusu mtoto athibitishwe kuwa na siliaki bila kuchukuliwa kipande cha utumbo iwapo thamani ya tTG-IgA imefika mara 10 ya kikomo cha juu au zaidi, na kipimo cha pili kwa damu iliyotolewa siku nyingine kimekubaliana nayo. Mara 12 na mara 2.4 zaweza kuwapeleka watoto wawili katika njia mbili tofauti.

Alama ndogo nazo husumbua. "<" husomwa "chini ya", si "punguza". Karatasi iliyotoka Bujumbura au Lubumbashi, kwa desturi ya Kifaransa, huweza kuandika 0,07 pale ambapo Nairobi na Dar es Salaam huandika 0.07, anayehamisha namba kutoka desturi moja hadi nyingine abadilishe alama zote au asibadilishe hata moja.

Neno lenye madhara makubwa zaidi, hata hivyo, ni hasi. Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "Huna ugonjwa wa siliaki", na ni tafsiri mbaya. Karatasi haikusema hivyo. Karatasi ilisema kwamba kingamwili za aina fulani, katika damu iliyotolewa siku fulani, hazikufikia kikomo. Kiswahili kina namna nzuri ya kulisema hilo, kwa kuwa kikanushi cha wakati uliopita huifunga habari ndani ya tukio: "Kingamwili za siliaki hazikuonekana katika damu hii." Linganisha na "hazipo", ambayo hutangaza hali ya kudumu, au "huna", ambayo humhukumu mtu mzima kwa sampuli ya mililita chache. Mwanafunzi wa sarufi anayedhani kwamba tofauti ya "hazikuonekana" na "hazipo" ni ya mtihani tu anaweza kuijaribu hapa.

Hasi yaweza kudanganya kwa sababu mbili ambazo daktari huzitafuta kwanza. Ya kwanza imo katika karatasi yenyewe, mara nyingi mstari wa chini: IgA ya jumla. Wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama mtu 1 kati ya 600, na miongoni mwa wagonjwa wa siliaki hali hiyo hupatikana zaidi, kiasi cha asilimia 2 hadi 3. Mtu wa namna hiyo akipimwa tTG-IgA, namba itakuwa ndogo hata kama utumbo wake umeharibika, kwa sababu kinachohesabiwa hakizalishwi. IgA ya jumla ikiwa chini ya 0.07 g/L kwa mtu aliyepita umri wa miaka 4, kipimo cha tTG-IgA hakina la kusema na hutumiwa vipimo vya aina ya IgG. Hapo "hasi" haifai hata kutamkwa peke yake. Sentensi ya haki ni: "Kipimo hiki hakiwezi kutegemewa kwako, kwa sababu kiasi chote cha IgA mwilini mwako ni kidogo mno; kitafanywa kipimo cha aina nyingine."

Sababu ya pili haimo katika karatasi bali katika sahani. Kingamwili hizi huzalishwa gluteni inapoliwa, na hupungua ikiachwa. Mtu aliyesikia kwamba ngano huenda ndiyo inayomsumbua, akaiacha miezi kadhaa kisha akaenda kupimwa, aweza kupata majibu hasi yasiyo na maana. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza hutaka anayepimwa awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki zisizopungua 6. Swali hili likiulizwa kwa Kiswahili huangukia tena kwenye sarufi. "Unakula ngano?" hujibiwa "ndiyo" na mtu aliyekula chapati moja sikukuu iliyopita, maana -na- huchukua jambo linalotendeka sasa na pia jambo linalokubalika kwa jumla. "Ngano" yenyewe, kwa wengi, ni mmea shambani au unga gunia. Mkate na mandazi huitwa kwa majina yao. Swali linalozaa jibu la kufaa hutaja vyakula, muda na mara: "Katika wiki 6 zilizopita, mama, umekuwa ukila mkate, chapati, mandazi au tambi kila siku, na mara ngapi kwa siku?"

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili swali hilo lina uzito zaidi ya utaratibu. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, mtama na ulezi havina gluteni. Familia iliyohamia Ulaya au Marekani Kaskazini na kuendelea kupika ya nyumbani huweza kula ngano kidogo sana bila kukusudia, na mpimaji aliyezoea watu wanaokula mkate asubuhi na jioni hatalifikiria hilo asipoambiwa. Wala siliaki haipaswi kudhaniwa kuwa ya Wazungu tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, uliikuta kwa asilimia 5.6, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na makadirio ya takriban asilimia 1 yanayotumiwa kwa dunia kwa jumla.

Agizo la kuendelea kula ngano hugongana na agizo jingine ambalo wagonjwa wamelizoea, lile la kutokula chochote tangu usiku kabla ya kupimwa sukari. Kipimo cha siliaki hakihitaji kufunga. Karatasi ya maelekezo iseme kwa uwazi: "Usiache kula vyakula vya ngano mpaka vipimo vyote viishe." Neno "vyote" ni la lazima, kwa kuwa kipande cha utumbo kikija kuchukuliwa wiki kadhaa baada ya damu, nacho hutaka mgonjwa awe bado anakula.

Penye orodha ya nafaka pana tatizo la kamusi. Shayiri ni nafaka yenye gluteni. Lakini katika maandishi mengi, na hata katika maduka, uji wa oti huitwa uji wa shayiri, na mimea miwili tofauti imepewa jina moja. Oti safi, isiyochanganyika na ngano, huvumiliwa na wagonjwa wengi wa siliaki, shayiri haivumiliwi. Anayetafsiri aandike "oti" kwa hii na "shayiri" kwa ile, japo kwa kuonekana mgeni, kwa sababu jina la pamoja hapa humlisha mtu asichopaswa kula.

Chanya nayo haiko salama kama inavyodhaniwa. Kipimo cha tTG-IgA ni kizuri, lakini hesabu ndogo huonyesha mipaka yake. Chukulia watu 1,000 waliopimwa bila kuchaguliwa kwa dalili, 10 kati yao wakiwa wagonjwa kweli. Kipimo kinachowatambua 9 kati ya wagonjwa 10, na kukosea kwa watu 5 tu katika kila wazima 100, kitatoa chanya 9 za kweli na chanya kama 50 za uongo kutoka kwa wale 990. Zaidi ya chanya nne katika tano zitakuwa za watu wazima wa afya. Wakipimwa wenye dalili au wenye ndugu wagonjwa, uwiano hubadilika sana na chanya hupata nguvu. Ndiyo sababu daktari huuliza habari za tumbo na za ukoo kabla ya kuitazama namba. Thamani iliyovuka kikomo kidogo tu, ambayo karatasi huiita chanya hafifu, huonekana pia kwa baadhi ya wenye kisukari cha aina ya kwanza, magonjwa ya ini au maambukizi yanayopita.

Vitenzi ndivyo vinavyobeba daraja za uhakika katika Kiswahili, na mfasiri anavyo tele. Majibu ya damu huashiria, huelekeza, hutilia nguvu shaka. Kipande cha utumbo kikitazamwa kwa hadubini, kwa mtu mzima, ndicho huthibitisha. Kuandika "damu imethibitisha" pale daktari alipoandika kwamba majibu yanaendana na ugonjwa ni kumwachisha mtu mkate maisha yake yote kwa kitenzi kilichopanda cheo. Kosa la upande wa pili, la kujaza "huenda" na "labda" kila mstari hadi mgonjwa aone hakuna lililosemwa, si la kawaida sana.

Kipimo cha pili kitajwacho mara kwa mara ni cha kingamwili dhidi ya endomisiamu, EMA, ambacho husomwa kwa jicho la mtaalamu kwenye hadubini. Majibu yake huja kwa umbo kama 1:40, ambalo si sehemu wala uwezekano. Maana yake ni kwamba majimaji ya damu yalizimuliwa mara 40 na kingamwili zikawa bado zaonekana. Kuzimua ni kitenzi kilichokuwapo jikoni kabla ya maabara, na hapa kinatosha kabisa.

Kipimo cha jeni, HLA-DQ2 na DQ8, hugeuza mantiki yote. Karibu wagonjwa wote wa siliaki wana mojawapo ya jeni hizo, lakini wanazo pia kiasi cha asilimia 30 hadi 40 ya watu katika jamii nyingi zilizochunguzwa, na walio wengi hawataugua kamwe. Hapa hasi ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa karibu inauondoa ugonjwa, na chanya ndiyo dhaifu. "Una jeni ya siliaki" ni sentensi ya kutisha isiyo na sababu. "Una jeni inayoruhusu siliaki kutokea, kama walivyo nayo watu wengi wasiougua" ni sahihi.

Daktari akiagiza kipande cha utumbo, neno "upasuaji" liepukwe. Mrija mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, na vipande vidogo mno vya utando hunyofolewa. Hakuna kisu tumboni, na mgonjwa aliyeambiwa upasuaji huenda asirudi.

Baada ya ugonjwa kuthibitishwa na gluteni kuachwa, damu hupimwa tena, na karatasi ile ile hubadilika maana. Namba hushuka polepole, kwa wengi ikihitaji miezi 6 hadi 12 au zaidi kurudi chini ya kikomo. Sasa "hasi" ni habari njema kweli, lakini bado haisemi "umepona", kwa kuwa gluteni ikirudi mezani kingamwili nazo zitarudi. Hali timilifu ya -me- yafaa hapa: "kingamwili zimeshuka" hueleza badiliko lililokwisha kutokea na ambalo matokeo yake yapo leo, na huacha kesho wazi.